Shuka Njiani: Mafunzo Niliyopata Katika Reli za Milimani za India

Vijana wa siku hizi wanapanga safari ndefu kuliko tulizothubutu kuwaza sisi, nami hufurahi wanaponijia na maswali. Wanaouliza kuhusu India mara nyingi wameona picha ya kitreni cha buluu kikipinda katikati ya mashamba ya chai, na wanataka kujua kama kweli kipo na kama mtu wa kawaida anaweza kukipanda. Kipo, na wala si kimoja. UNESCO imeziweka reli tatu za milimani za India katika orodha ya urithi wa dunia: ya Darjeeling mwaka 1999, ya Nilgiri mwaka 2005, na ya Kalka hadi Shimla mwaka 2008.

Nimezisafiri zote tatu, kwa nyakati mbalimbali, tangu nilipomsindikiza mdogo wangu India kwa matibabu. Mimi ni mtoto wa reli. Baba yetu alikuwa fundi wa breki katika karakana ya Nairobi enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, nasi tukalelewa Muthurwa katika nyumba za wafanyakazi, tukilala na kuamka kwa honi. Kwa hiyo niliamini kwamba treni haina jipya la kunifunza. Ilikuwa nalo, tena tele.

1. Jua treni inavyopanda kabla hujaipanda

Mdogo wangu alikuwa amelazwa Coimbatore, kusini mwa India. Alipoanza kupata nafuu, wauguzi wakanihimiza nitoke nikapate hewa. Mettupalayam, inakoanzia reli ya Nilgiri, haiko mbali na hapo. Nikafika stesheni gizani, maana treni ya Nilgiri huondoka saa moja na dakika kumi asubuhi, nikatembea hadi mbele kabisa kuitazama injini kama baba alivyonizoeza. Mbele hapakuwa na injini. Palikuwa na behewa, na kwenye kibaraza chake amesimama mtu mwenye bendera mkononi. Injini ilikuwa nyuma, inafuka mvuke. Nilipomuuliza yule wa bendera kulikoni, akanijibu kwa upole: "Amma, ukimpandisha mtoto mzito ngazini, ni salama zaidi umvute au umsukume kutoka chini?"

Ndivyo ilivyo. Mettupalayam iko mita 326 juu ya usawa wa bahari, na Udagamandalam, mji ambao wengi huuita Ooty, uko mita 2,203. Kati yao ni kilomita 46 tu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza mteremko ukizidi, kwa hiyo kati ya Kallar na Coonoor wamelaza katikati ya njia vyuma viwili vyenye meno yaliyopishana, mfumo uliobuniwa na Mswisi Roman Abt. Injini ina magurudumu ya meno yanayoyauma yale ya chini, na kwa kila mita 12 inazokwenda mbele, treni hupanda karibu mita moja. Injini hukaa upande wa bondeni ili kiungo kikikatika, mabehewa yasitoroke. Na yule wa bendera hakuwa pambo: kila behewa lina mtu wake wa breki, na dereva, ambaye yuko nyuma na haoni njia, huwategemea hao kuwa macho yake.

Tulipofika Kallar nilihisi meno yakishika. Mtikisiko ulibadilika chini ya nyayo, mlio wa injini ukawa mzito, mwendo ukapungua hadi mtu mwepesi angeweza kukimbia kando ya behewa. Kijana aliyekaa karibu nami alianza kulalamika kwamba tunachelewa. Mimi nilikuwa nimetoa kichwa dirishani, machozi yananilenga, namkumbuka baba. Upana wa njia hiyo ni milimita 1,000 kamili, sawa na reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu aliyoitumikia maisha yake yote.

Kupanda huchukua karibu saa tano, pamoja na kusimama kuipa injini maji. Wanaoona saa hizo ni nyingi huwa hawajui kinachofanyika chini yao. Wazo la reli hiyo lilitolewa mwaka 1854, kazi ikaanza 1891, treni ikafika Coonoor 1899 na Ooty 1908. Soma kidogo kabla ya kwenda, na utakapofika uwaulize wafanyakazi. Sijakutana na mtu wa reli aliyechoka kuulizwa kazi yake inakwendaje.

2. Mlima ulikuwa na wenyewe kabla ya reli

Ooty ilinishangaza kwa namna ambayo sikuitarajia: nilihisi niko Limuru. Baridi ileile, chai ileile, uwanja wa mbio za farasi, makanisa ya mawe, mikalitusi na miwati iliyoletwa kutoka Australia. Waingereza waliokimbia joto la tambarare walianza kujenga pale katika miaka ya 1820, chini ya ofisa aliyeitwa John Sullivan, na mji huo ukaja kuwa makao ya serikali ya Madras wakati wa kiangazi. Mgeni akishuka kituo cha mwisho na kukaa hotelini, anaweza kuondoka akiamini kwamba historia ya mahali pale ilianza na Sullivan.

Mimi nilifunguliwa macho sokoni, na mama wa Kitoda aliyekuwa akiuza shali nzito nyeupe zilizotariziwa kwa uzi mwekundu na mweusi. Alinieleza, mwanawe akitutafsiria, kwamba milima ile ilikuwa nyika ya majani mafupi, malisho ya nyati wao wa kufuga, na kwamba miti yote niliyokuwa nikiisifia imeota juu ya malisho hayo. Nilinyamaza. Nimetoka nchi ambayo nyanda zake za juu zilipewa walowezi, na bado nilikuwa nimeitazama milima ya watu kama bustani iliyopandwa kwa ajili yangu.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kuona tofauti za jamii za pale. Watoda ni wachungaji, na nyumba zao za ibada zina paa la duara linaloshuka hadi karibu na ardhi, na mlango mdogo ambao mtu huingia kwa kutambaa. Wakota ni wafinyanzi, wahunzi na wapiga muziki. Wabadaga ni wakulima, na leo ndio wengi zaidi miongoni mwa wenyeji. Wakurumba na Wairula wanaijua misitu, asali na dawa zake. Kwa vizazi vingi walikuwa wakibadilishana maziwa, vyungu, nafaka na asali, kila jamii na lugha yake, katika eneo ambalo unaweza kulivuka kwa gari kwa saa chache.

Kisha nikashuka Coonoor, kituo ambacho wengi hukitumia kunywa chai tu na kuendelea. Huko niliwakuta wachuma chai wanaozungumza Kitamil, nikadhani hao ndio wazaliwa wa pale. Mmoja akaniambia wazazi wake walitoka Sri Lanka. Babu zao walichukuliwa na Waingereza kutoka India kwenda kulima chai kisiwani, na baada ya mkataba wa mwaka 1964 kati ya serikali hizo mbili, maelfu kwa maelfu wakarudishwa nchi ambayo hawakuwahi kuiona. Serikali ya Tamil Nadu ilianzisha mashamba ya chai Nilgiri ili kuwapa kazi. Kikombe cha chai nilichokuwa nimekishika kilikuwa na safari ndefu kuliko yangu.

Kwa hiyo shuka njiani. Kituo cha mwisho kimepangwa kwa ajili ya mgeni. Vituo vya kati vimepangwa kwa ajili ya wenyeji, na huko ndiko nchi inakozungumza.

3. Uliza nani alijenga

Reli ya Kalka hadi Shimla iko kaskazini, ina upana wa milimita 762 na urefu wa kilomita 96, na ilifunguliwa mwaka 1903. Shimla ilikuwa makao makuu ya serikali ya Waingereza nchini India wakati wa kiangazi, kwa hiyo kila faili, kila karani na kila samani ilibidi ipande mlima. Njiani kuna mahandaki 102 na madaraja zaidi ya 800, mengi yakiwa ya matao ya mawe yaliyopangwa ghorofa juu ya ghorofa.

Handaki refu kuliko yote, la mita 1,143, liko Barog. Treni husimama hapo, abiria hushuka kunywa chai, na mzee mmoja aliyeketi nami kwenye benchi akanisimulia kisa ambacho wenyeji wote wanakijua. Mhandisi Mwingereza aliyeitwa Barog alichimba mlima kutoka pande mbili, njia hizo zisikutane. Akatozwa faini ya rupia moja. Fedheha hiyo, wanasema, ikamfanya ajiue. Handaki lililofaulu lilichimbwa mahali pengine chini ya mhandisi mkuu Harington, na wenyeji husema aliyemwonyesha pa kupita ni Bhalku, mchungaji wa milima ile ambaye hakuwa amesoma shule. Mzee alimtaja Bhalku kwa sauti ya heshima, kama mtu anavyomtaja babu yake. Leo Shimla kuna jumba la makumbusho ya reli lenye jina lake.

Nilimuuliza: na wale waliobeba mawe? Akanyoosha mkono kuelekea tambarare tulikotoka. "Punjab," akasema. "Na wengine walikwenda kwenu."

Alijua. Miaka ileile ambayo milima ya Shimla ilikuwa ikipimwa na kuchimbwa, mawakala walikuwa wakiandikisha vibarua Punjab kwa ajili ya reli nyingine. Alibhai Mulla Jeevanjee, mtu wa jamii ya Waislamu Wabohra kutoka Karachi, alikuwa mmoja wa waliopata kandarasi ya kuwaleta. Kati ya mwaka 1896 na 1901, zaidi ya Wahindi 30,000 waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwa la Viktoria. Karibu 2,500 walikufa, kwa maradhi, ajali na, pale Tsavo mwaka 1898, kwa simba. Wengi walirudi kwao. Waliobaki, karibu 6,700, walizaa mafundi, wenye maduka na mawakili tuliokua nao. Karakanani, aliyemfunza baba kufua chuma alikuwa mzee wa Kisingasinga ambaye baba yake alikuja na reli.

Nilikwenda India nikiwa na mawazo ya mtalii anayetazama urithi wa watu wengine. Kwenye benchi ile ya Barog niliona kwamba mimi na yule mzee tulikuwa tukizungumzia familia moja ya kazi. Sizungumzi hivi kwa kupamba. Mikono iliyopasua mawe ya Himalaya na mikono iliyolaza mataruma Makindu ilitoka vijiji vya aina moja, kwa mikataba iliyosainiwa kwa dole gumba.

Hata Matheran, kilima kidogo karibu na Mumbai ambako magari hayaruhusiwi hadi leo, reli yake ya kilomita 21 ilijengwa kati ya 1901 na 1907 na Abdul Hussein Adamjee Peerbhoy kwa fedha za baba yake, tajiri Mbohra. Mwenye majirani Wabohra Mombasa au Zanzibar anaweza kuanza maswali yake nyumbani, kabla hajakata tiketi.

4. Mlima una majira yake

Hili ni fupi. Mara ya kwanza nilikwenda Darjeeling mwezi Julai kwa sababu nauli ya ndege ilikuwa nafuu. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ya huko hainyamazi, udongo huporomoka, na treni husitishwa bila taarifa ndefu. Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani wenye mita 8,586, uko mbele ya mji ule, na sikuuona hata kwa dakika moja. Nenda Oktoba au Novemba, au mwezi Machi na Aprili. Tiketi hufunguliwa wiki kadhaa kabla na huisha upesi, hasa za injini ya mvuke. Na ukikosa, usikate tamaa: kuna treni za kawaida za dizeli kwenye njia hiyohiyo, na jipu za pamoja zinazopita kando ya reli.

5. Reli ikipita mlangoni mwa mtu, wewe ni mgeni wake

Reli ya Darjeeling ndiyo kongwe kati ya hizi tatu. Ilijengwa kati ya 1879 na 1881, upana wake milimita 610, na inakwenda kilomita 88 hivi kutoka New Jalpaiguri. Haina meno wala mahandaki. Inapanda kwa akili: mahali fulani njia huzunguka na kupita juu yake yenyewe, na mahali pengine treni husonga mbele, ikarudi nyuma ikipanda, kisha ikasonga mbele tena, kama herufi Z. Kwa sehemu kubwa inafuata barabara ya magari, ikikatiza toka upande huu hadi ule. Injini zake ndogo za mvuke ni za mtindo ulioanza kutengenezwa na kampuni ya Sharp, Stewart mwaka 1889, na mbele yake huketi watu wawili wakimwaga mchanga kwa mkono juu ya reli ili magurudumu yasiteleze.

Hakuna kilichoniandaa kwa ukaribu wa treni ile na nyumba za watu. Katika mji wa Kurseong inapita mbele ya maduka kiasi kwamba ungeweza kunyoosha mkono ukachukua nyanya. Kuna mama alikuwa akimwogesha mtoto barazani, na abiria mwenzangu, mgeni kama mimi, akamwelekezea kamera usoni kama vile ni sehemu ya maonyesho. Yule mama akageuka na kumficha mtoto. Niliona aibu ile imenigusa na mimi, maana kamera yangu pia ilikuwa tayari mkononi.

Toka hapo nina utaratibu: behewani napiga picha za milima na za njia, na kama nataka picha ya mtu, nashuka, naamkia, nanunua kitu, tunazungumza, halafu naomba. Nimekataliwa mara kadhaa, na nimekaribishwa ndani mara nyingi zaidi.

Kwa kukaribishwa huko nikajua mchanganyiko wa watu wa pale. Wengi husema Kinepali, lugha iliyotambuliwa katika katiba ya India mwaka 1992. Wako Walepcha, wenyeji wa zamani wa milima hiyo, wako Wabhutia, Watibeti waliokimbia kwao, Wabengali, na wafanyabiashara wa Kimarwari. Ghum, stesheni iliyo juu kuliko zote India kwa mita 2,258, juu hata kuliko Darjeeling yenyewe, ina monasteri ya Kibudha ya mwaka 1850. Hatua chache baadaye treni huzunguka Batasia, ambako kuna mnara wa askari wa Kigorkha waliokufa katika jeshi la India tangu uhuru. Siasa za milima hiyo ni nzito. Mwaka 2017 madai ya wenyeji kuwa na jimbo lao yalifunga mji kwa miezi, treni zikasimama. Mwenyeji wangu alinieleza hayo bila jazba, akinimiminia chai, na alichotaka ni nijue kwamba picha kwenye kadi za posta ina watu ndani yake.

6. Kula stesheni

Idli na vada Coonoor, katileti Barog, momo na supu ya thukpa Kurseong. Kila mlima na mapishi yake, na foleni ya chakula ndiyo mahali rahisi kuliko pote pa kuanza mazungumzo. Njoo na sarafu ndogo.

7. Urithi ni kazi ya watu wa zamu

Nilidhani UNESCO ikishaandika jina, mahali pamehifadhiwa. Kisha nikapita Tindharia, kwenye karakana ya reli ya Darjeeling. Mwaka 2010 mlima ulimeguka karibu na hapo na kuichukua njia, na reli haikuunganishwa tena kutoka mwanzo hadi mwisho mpaka 2015. Waliorudisha njia ile ni wafanyakazi, kwa koleo, kuta za mawe na subira. Hakuna duka linalouza vipuri vya injini za karne ya kumi na tisa. Kinachovunjika hutengenezwa.

Kusini ni hivyohivyo. Injini za zamani za meno za Nilgiri zilitoka Winterthur, Uswisi. Zilipochakaa, karakana ya Golden Rock iliyoko Tiruchirappalli ilijenga mpya, kwanza za mafuta, na mwaka 2021 moja ya makaa ya mawe. Nilizungumza na fundi kijana Coonoor aliyerithi kazi kwa babake, naye kwa babake. Nilimwonea wivu. Ujuzi wa baba yangu ulikwisha siku alipostaafu, kwa sababu hakuna aliyekuja kukaa karibu naye na kalamu. Hata mimi sikukaa.

Ndiyo maana siwezi kuandika kuhusu India bila kusema neno kuhusu kwetu. Tunayo reli ya mlimani ya kiwango cha dunia. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na sehemu yake ngumu kuliko zote ni kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia hupanda kwa mahandaki na madaraja marefu. Walioijenga ni Watanzania, Wazambia na Wachina. Waliokuwa na miaka 20 wakati huo sasa wamevuka 70, na bado wapo wanaokumbuka nani alikufa kwenye handaki lipi na chakula kilipikwaje kambini.

Kama nauli ya India haijatimia mwaka huu, anza na hao. Nenda Mlimba, nenda Makambako, uliza nyumba ya mzee aliyefanya kazi ya reli, bisha hodi, ukae. Uandike jina lake, kijiji chake, na kazi aliyofanya.